Nta ya Damari na Gari Moshi la Singida

Damari alikuwa na wembe mmoja mkongwe ambao kazi yake ilikuwa kupasua njiti za kibiriti. Asubuhi aliketi mlangoni, akaishika njiti kwa kucha, akaipasua kuanzia kichwani kwenda chini, na njiti moja ikawa mbili. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, vipande vyembamba hata ukiinua kimoja juani unaona mwanga upande wa pili. Chakula cha jioni kwake kililiwa mapema, jua lingali juu ya miti, ili koroboi isiwashwe bure. Mgeni akichelewa kuaga, Damari alimsindikiza kwa furaha kabisa na kuzungumza naye njia nzima, kwa sababu mazungumzo ya njiani hayali mafuta ya taa.

Usidhani alikuwa mwanamke wa kununa. Alibana matumizi jinsi wengine wanavyocheza bao, kwa hamu ya kushinda. Akiokoa senti moja alicheka peke yake jikoni, na watoto wakajua kwamba leo mama ameshinda.

Watoto walikuwa watatu: Sara wa miaka kumi na miwili, Simeoni wa tisa, na Filipo, aliyekuwa anang'oka meno ya utoto. Alikuwepo pia mama mkwe, Bibi Maria, aliyebatizwa uzeeni, naye amebakiwa na meno matatu. Wote waliishi katika nyumba moja ya tembe, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Kinyangiri, huko Unyiramba. Vita ya pili ya Wazungu ilikuwa imekwisha, lakini maduka yalikuwa bado matupu. Nguo kwa shida, mafuta ya taa kwa shida, sukari ya kusikia tu. Kodi ya kichwa peke yake ndiyo haikuadimika.

Tatizo la Damari lilikuwa mume wake. Yeremia alikuwa mkulima hodari wa karanga na mtama, mpole, asiye na ugomvi na mtu, ila hakuweza kukaa na pesa. Ikiingia mfukoni ilimwasha. Mwaka mmoja alikwenda kuuza gunia la karanga, akatumwa chumvi, jembe na shati la Simeoni. Alirudi amebeba saa ya ukutani.

"Baba Sara," Damari akasema, "hii saa mbona imenyamaza?"

"Imeharibika," Yeremia akajibu akitabasamu. "Ndiyo maana nimeipata rahisi hivi."

"Na chumvi?"

"Pesa haikutosha."

Damari aliitazama saa, akamtazama mume wake, akajiandaa kukasirika. Lakini Bibi Maria alikuwa ameinama, sikio lake kwenye kioo, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akainuka na kusema, "Huyu amekufa, ila ana sura nzuri." Damari alicheka mpaka akakaa chini. Walikula mlenda bila chumvi wiki tatu, na kila walipotia tonge mdomoni mmoja aliuliza ni saa ngapi.

Baada ya hapo mume na mke walikubaliana, na Yeremia mwenyewe ndiye aliyeanza. "Mama Sara, pesa isikae humu ndani. Nikijua ipo, situlii."

Basi ikae wapi? Ukinunua mbuzi, mjomba anakuja kumwomba kwa ajili ya arusi. Ukiweka mtama, wadudu wanautoboa. Damari aliwaza siku kadhaa, akapata jibu: nta.

Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu mwenye mizinga porini. Asali ilitumika kutengenezea pombe, na masega yaliyobaki baada ya kukamuliwa yalitupwa jalalani, nzi wakayafurahia. Damari akaanza kupita kwenye nyumba zilizopika pombe ya asali, akiomba yale masega. Watu walimpa huku wakimwonea huruma. Aliyachemsha katika maji, akayachuja kwa kipande cha gunia, akayaacha yapoe, na kesho yake juu ya maji palikuwa na mkate wa nta wa manjano, mgumu, wenye kunukia. Nta hailiwi wala hainyweki. Shemeji haji kukuazima nta. Na Idrissa, mwenye duka pale stesheni, aliinunua kwa uzani, kwa kuwa wafanyabiashara wa Singida waliitaka siku zote.

Kabla hajayeyusha mkate wa pili, Damari alikwenda dukani.

"Idrissa, mume wangu akikuletea nta, usinunue."

"Mama Sara, nta ni nta."

"Akija peke yake, mwambie bei imeanguka. Tukija wawili, bei imepanda."

Idrissa alicheka mpaka mizani ikayumba mkononi mwake, akakubali. Yeremia alijaribu mara moja tu. Alirudi na mkate wake kwapani akasema kwa masikitiko kwamba biashara ya nta imekufa. Damari alimpa pole bila kucheka, na kujizuia kule kulimtoa jasho.

Mzee wa kanisa naye alikuja kumwonya, maana Damari alikuwa anaonekana kila mara kwenye nyumba za pombe.

"Shikamoo, mzee," Damari akasema. "Mimi nakwenda pombe ikiwa imekwisha."

"Lakini unatoka na ndoo, binti yangu."

"Ya masega, mzee."

Akamfunulia kihenge, akamwonyesha mikate iliyopangwa ndani. Mzee alichukua mmoja akaunusa, akaunusa tena, akaurudisha mahali pake na kuondoka. Wiki iliyofuata mke wake alimletea Damari ndoo mbili za masega. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Miaka miwili ilipita hivyo. Jambo lenyewe likawa mchezo wa nyumba nzima. Simeoni alijua harufu ya masega kutoka mbali kuliko nyuki. Sara alijua ni nani ameoa, nani ameoza na nani amealika watu kulima, kwa sababu pote hapo kungekuwa na pombe, na penye pombe pana masega. Bibi Maria aliketi kando ya chungu na kijiti, akiondoa uchafu na mbawa za nyuki, akiimba. Nguo zao zilikuwa na viraka juu ya viraka, ila zilinukia maua. Na kila mtu alijua nta ile ni ya nini: walikuwa wanaweka akiba ya kununua mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Simeoni alikuwa amekwisha kuchonga fimbo ya kuchungia, na Sara ana kibuyu cha maziwa kilichofukizwa mara nne ingawa hakijaona tone la maziwa.

Ndipo siku moja Yeremia akarudi kutoka dukani, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Wataing'oa," akasema.

"Nini?" Damari akauliza.

"Reli yetu. Marko, karani wa stesheni, ametuambia pale kwa Idrissa. Wakubwa wanasema haina faida. Mwaka ujao huenda isiwepo."

Reli ile ilipita chini ya mashamba yao. Miaka kumi na mitano hivi nyuma, ilipokuwa inajengwa, Yeremia alikuwa kijana asiye na pesa ya kodi, akaenda kufanya kazi kwenye tuta. Miezi tisa alibeba udongo kwa karai kichwani, mpaka nywele za utosini zikakataa kuota. Tangu wakati huo, kila gari moshi lilipopita, aliacha jembe, akasimama wima, akalipungia mkono.

"Nimelibeba tuta lile kwa kichwa hiki," akasema, akavua kofia kuonyesha. "Na sijawahi kukanyaga hata ngazi ya behewa."

"Mimi nilikuletea uji kazini kila siku," Bibi Maria akasema. "Nami sijapanda."

Damari alikuwa akichambua mboga. Akaacha. Aliangalia kihenge cha nta kwa muda, akawaangalia wale watu wake mmoja mmoja, na mdomo ukaanza kumcheza kama mtu anayezuia kupiga chafya.

"Mtamba atangoja," akasema. "Ng'ombe wapo siku zote. Gari halitangoja."

Hakuna aliyemwelewa.

"Tutapanda," akasema tena. "Sote sita. Mpaka Singida."

"Kuna nani Singida?" Yeremia akauliza. "Kuna kesi? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna kesi wala mgonjwa."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Kupanda, Baba Sara. Tunakwenda kupanda!"

Yeremia akasimama, akakaa, akasimama tena. Bibi Maria alipiga kigelegele ambacho kiliwatawanya kuku mpaka kwa jirani. Filipo alizunguka nyumba akipiga honi kwa mdomo, mara ya kwanza, ya pili, ya saba, mpaka akajikwaa akaanguka na kuendelea kupiga honi akiwa chini. Simeoni aliishika fimbo yake ya kuchungia, akaifikiria, akaitupa juu ya paa.

Lakini Damari hakuwa mtu wa kutoa pesa akafumba macho. Alipopeleka nta kwa Idrissa, na mumewe pembeni ili bei ipande, aliuliza kuku wanauzwaje Singida.

"Mara mbili ya hapa," Idrissa akasema. "Na jogoo hata zaidi."

Damari alirudi nyumbani akikimbia. Kuku alikuwa nao, wale wale waliojilisha wenyewe kwa panzi na makapi ya mtama. Aliwachagua kumi na wawili wanene, akasuka tenga jipya, na usemi wake ukawa mmoja tu kwa wiki nzima: "Kuku ndio watakaotulipia."

Siku ya safari walifika stesheni mapema mno, hata Marko karani alikuwa bado anafunga vifungo vya koti. Alimwamkia Bibi Maria shikamoo, akafungua dirisha la tiketi.

"Watu wazima watatu, watoto watatu kwa nusu nauli," akasema.

"Na huyu mdogo?" Damari akauliza, akimsukuma Filipo mbele. "Hapandi bure? Tazama, hana meno."

"Anayepanda bure ni mtoto wa kubebwa, mama. Na hatuangalii meno."

"Kwa nini msiangalie?" Bibi Maria akaingilia. Akasogea dirishani na kufungua mdomo wazi. "Hesabu, mjukuu wangu. Matatu. Huyo mtoto ananizidi. Kama yeye ni nusu, mimi ni robo."

Marko aliinama akaangalia kweli. Watu waliopanga foleni wakavunjika mbavu. Karani alijikaza, akagonga muhuri, akasema kanuni hazina kifungu cha meno. Bibi Maria alilipiwa nauli nzima, akaondoka dirishani kifua mbele, akiwaambia waliokuwa nyuma yake kwamba serikali imemtambua kuwa ni mtu mzima.

Wakaingia behewa la daraja la tatu. Mabenchi yalikuwa ya mbao, tenga la kuku likawekwa miguuni, na Damari akakalia pembe ya kanga yake alimofunga pesa. Injini ilipovuta, behewa lilishtuka, na Bibi Maria akamkumbatia mwanamume asiyemjua aliyekaa karibu naye, wala hakumwachia mpaka vibanda vya stesheni vilipotoweka.

"Samahani, baba," akasema.

"Bila samahani, bibi. Hata mimi niliogopa."

Kisha mwendo ukakolea, upepo ukaingia madirishani, na Damari, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno ambalo si la nauli, akaanza kucheka. Hakukuwa na kichekesho. Alicheka tu kwa sababu alikuwa ameketi, mikono imetulia mapajani, na bado alikuwa anakwenda! Maisha yake yote hakuwahi kufika popote bila kutumia miguu yake. Sara alimtazama akaambukizwa, na Simeoni akafuata, hata benchi lote likawa linatikisika kwa sababu mbili.

Yeremia hakukaa. Alikuwa dirishani, nusu nje.

"Pale! Kalavati lile nililisimamia mimi! Na bonde hili lote tulilijaza sisi, lilikuwa shimo! Mama, unakumbuka ulipomwaga uji? Ni pale penye kichaka!"

Abiria wakaanza kumwuliza maswali kama mwenye reli. Aliwajibu wote. Mara behewa likapita mahali pabaya, likarusha watu juu.

"Na hapa?" akauliza mmoja akijishika kiuno. "Hapa napo ni wewe?"

"Hapo walijenga wengine," Yeremia akasema upesi.

Kicheko cha abiria kilikuwa bado hakijaisha behewa liliporuka tena. Tenga likapinduka, kifuniko kikafunguka, na kuku kumi na wawili wa Damari wakaingia katika daraja la tatu.

Ilikuwa vurugu tupu. Kuku walipita juu ya mabegi na vichwa vya watu, manyoya yakajaa hewani. Mmoja alitua begani kwa mzee aliyelala, akatulia hapo, na mzee hakuamka. Simeoni na Sara walitambaa chini ya mabenchi wakishika miguu ya kuku na mara nyingine miguu ya watu. Yeremia alisimama mlangoni amepanua mikono kama golikipa. Mama mmoja mwenye kanga nyekundu alimdaka tetea, akampima kwa mkono, akasema kwa sauti, "Huyu mnene! Mnauza?"

Damari alikuwa amepiga magoti, kichwa chini ya benchi. Alisikia.

"Nauza!" akaitikia kutoka huko huko.

Basi biashara ikaanza. Aliyemshika kuku alimtazama vizuri, na akishampakata ikawa vigumu kumrudisha. Damari alipita katikati ya manyoya akipatana bei, nywele zimemsimama, kanga imemwanguka, na kila walipopita kituo kimoja kuelekea Singida bei ilipanda kidogo. Kuku saba waliuzwa hivyo.

Hapo Bibi Maria akapapasa nyuma yake, akatoa yai. Lilikuwa bado la moto.

"Ni langu," akasema mama wa kanga nyekundu. "Kuku wangu alikuwa hapo."

"Lilitagwa kabla hujamnunua," Simeoni akasema.

"Una ushahidi?"

Behewa zima likawa baraza. Wengine walishika upande wa mnunuzi, wengine upande wa muuzaji. Mwanamume aliyekumbatiwa akachaguliwa kuwa hakimu. Aliuliza gari lilikuwa wapi wakati kuku anakaa na wapi wakati anainuka, akawasikiliza wote, akakohoa, akageuka kuomba kielelezo kiletwe. Bibi Maria alikuwa amekwisha kulinywa.

"Lilikuwa zuri," akasema, akiweka maganda mkononi mwa hakimu. Hata mama wa kanga nyekundu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kesi ikafungwa.

Singida walishuka na kuku watano. Wanne waliuzwa sokoni kwa bei ile ile aliyosema Idrissa, na wa tano walimpelekea Anastasia, binamu ya Yeremia aliyekaa karibu na mji, maana gari la kurudi lilikuwa kesho yake nao wangelala kwake. Damari alikaa kwenye kivuli cha duka akarudia hesabu mara tatu. Kuku walikuwa wameleta nauli ya kuja na ya kurudi, na senti kadhaa zimebaki. Pesa ya nta ilikuwa kama haijaguswa. Akajishika mdomo.

"Baba Sara, tumepanda karibu bure."

Kwa furaha hiyo akafanya jambo ambalo watoto hawakuwahi kuliona. Aliwapeleka wote kwenye hoteli ndogo ya chai, wakaletewa vikombe sita, chai ya sukari, na maandazi. Filipo alionja, akatoa macho, akauliza kama chai ya nyumbani ni mgonjwa. Kisha Damari akampa mume wake shilingi moja, peke yake, bila masharti.

"Nunua unachotaka."

Yeremia alitoweka saa nzima. Alirudi na mua mmoja mrefu kuliko yeye, mzito, wenye majani bado kileleni. Kesho yake mua ule ulikataa kuingia behewani kwa namna yoyote, ikabidi usafiri umetoka dirishani kama mlingoti, na njia nzima hadi Kinyangiri walikuwa wakiuvunja kipande kipande na kuwagawia abiria. Walipofika ulikuwa umebaki wa kutosha mkononi mwa Filipo.

Waliposhuka, ardhi ilikuwa bado inatembea. Wote sita walikwenda njiani wakiyumba na kugongana, wakicheka, na jirani yao Luciana aliyekuwa anatoka kisimani akatua mtungi, akawashangaa.

"Mmetoka wapi?"

"Singida."

"Kufanya nini?"

Walijibu wote kwa pamoja, Luciana asielewe chochote. Jioni hiyo uani kwao palijaa watu, na Bibi Maria akawapanga majirani wawili wawili kwenye vigoda na magogo, akawarusharusha kwa mabega kuwaonyesha jinsi behewa linavyokwenda.

Reli iling'olewa kweli, si muda mrefu baadaye. Yeremia alikwenda kutazama siku ya kwanza tu, akarudi akashika jembe. Mtamba alinunuliwa mwaka mmoja baada ya wakati waliopanga, kwa sababu wanawake wengine, walipoona nta inalipa, nao walikuwa wameanza kuyahifadhi masega yao, na Damari akalazimika kuyatafuta mbali zaidi. Alikuwa mtamba mzuri, mweusi, mwenye baka shingoni, na alizaa mapema. Wanawake walipomwuliza Damari kama ule mwaka mmoja wa kungoja mtamba haukumwuma, alisema ulimwuma kidogo, hasa wakati wa kiangazi, watoto walipokunywa uji mtupu. Kisha akawakaribisha wakae, akaanza kuwaeleza habari ya kesi ya yai.